Kadi za Simeon

Mzungu aliyetuuzia shamba hili aliipenda bahari kuliko ng'ombe wake. Huku Eldoret, kwenye ukungu na baridi, alikaa akijiuliza maji ya pwani yanatoka wapi na yanaenda wapi. Akachapisha kadi za plastiki zenye sanduku lake la posta, akamtuma dereva wake azitupe baharini moja moja, kila moja akiiandika tarehe na mahali wakati wa kuitupa. Mwenye kuiokota aandike ameipata wapi, kisha airudishe. Dereva huyo alikuwa mume wangu, Simeon.

Machi 1965 mashua aliyopanda Simeon haikurudi Malindi. Mzungu alilia, akauza shamba, akaenda kwao. Aliniachia ramani ukutani na ufunguo wa sanduku, na kadi zikaendelea kuja.

Kwa kila kadi nilichomeka pini mbili kwenye ramani, ilipotupwa na ilipookotwa, nikaziunganisha kwa uzi wa sweta. Lakini kwanza niliangalia tarehe. Kadi moja tu ya baada ya Machi, kwa mwandiko wa Simeon, ingeniambia yuko hai. Niliketi mbele ya nyuzi hizo zikielekea kaskazini mpaka nikahisi sakafu inasogea polepole, na mahindi huko nje yanayumba chini ya maji. Nilipenda kukaa humo. Waliosema nina wazimu sikuwapa hata chai.

Mwaka wa pili, Mzee Kinyanjui, katibu wa chama chetu cha kununua mashamba, alikuja kuniona.

"Nyakio, Jumamosi tunapiga baloti ya kugawa ploti. Jina lililo daftarini ni la Simeon, naye hayuko. Sema alikufa tuandike jina lako, ama ploti ipewe mtu mwingine."

"Hajafa," nikamwambia. "Kama una haraka ya kuzika, jizike wewe."

Akachukua kofia yake, akaenda.

Alhamisi nilipokea kifurushi kutoka ufuo mmoja karibu na Kismayu. Ndani mlikuwa na kadi thelathini na moja, zimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na fundo lile la Simeon ambalo hulifungui bila meno. Hakuna hata moja iliyokuwa na tarehe. Hakuwahi kuzitupa. Bahari ilikuwa imezichukua zote kwa pamoja, naye akiwa nazo.

Nililia hadi sauti ikakauka. Kisha nikarudi kwenye ramani. Kadi zote zilizowahi kuokotwa ufuo ule zilikuwa zimetupwa sehemu moja, mashariki ya Malindi, pale bahari ya kina kifupi inapoisha na kuporomoka ghafla. Niliufuata uzi kwa kidole, kinyume na maji, taratibu, hadi nikafika. Nikasimama naye hapo muda mrefu. Nilimweleza habari za mvua, na kwamba nimemkasirikia sana.

Jumamosi Mzee Kinyanjui alifungua daftari bila kunitazama.

"Jina?"

"Andika Nyakio," nikasema. "Mjane wa Simeon."