Meno ya Flaiwili

Mtaani walimwita Spana, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Miaka arobaini alitengeneza magari ya watu. Sasa alikuwa amestaafu na lilikuwa limebaki moja tu, gari lake kuukuu la buluu, lililolala kwenye banda pembeni ya nyumba. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita. Tangu hapo, mezani palikuwa na kiti kimoja cha kukalia na vitatu vya kufuta vumbi.

Binti yake, aliyeolewa mji mwingine, alitaka baba ahamie kwake. Walibishana kwenye simu miezi mitatu, mbishi kwa mbishi, mwisho wakawekeana sharti. Jumapili binti angekuja. Akikuta gari linawaka na baba anajiendesha mwenyewe sokoni na hospitali, asingemsumbua tena. Likigoma, baba anafunga mizigo.

Ilikuwa Ijumaa, na gari lilikuwa limegoma.

Stata ya zamani ilikuwa imekufa. Akanunua nyingine mpya, inametameta, akaifunga. Alipowasha, ilitoa mlio wa kusaga uliomfanya hata jirani asiyejua gari akunje uso. Meno ya stata hayakuelewana na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma ambalo stata hulizungusha ili injini iamke. Hapo ndipo alipokumbuka: zamani sana, flaiwili ilipolika meno, alifunga iliyotoka kwenye injini nyingine. Fundi mzima, mvi kichwa kizima, kaenda dukani kununua stata kwa kutaja mwaka wa gari, kama mtu aliyeliokota barabarani. Alijitukana polepole, maana hapakuwa na wa kumsikia.

Dawa ilikuwa kuhesabu meno. Duka lilikuwa na stata za aina chungu nzima, lingembadilishia kesho yake, lakini muuzaji alitaka idadi ya meno ya flaiwili, hakutaka hadithi.

Kuhesabu ni kazi ya watu wawili. Stata inafunguliwa, plagi zinatolewa ili injini iwe nyepesi, kisha mmoja anasimama mbele na kuizungusha kwa spana. Mwingine analala chini, anachungulia kwenye tundu la stata, na kuhesabu meno yanayopita mpaka jino lililotiwa chaki lirudi. Kijana angelala chini akasukuma meno kwa bisibisi huku akihesabu mwenyewe, lakini bega la Spana lilikuwa limekwisha. Aliyekuwa akilala chini ni mkewe, na binti yao, akiwa mdogo, alilala kando ya mama akishika tochi. Mkewe alihesabu kwa sauti, na kila alipofika kumi alisema, "Twende, mzee."

Spana alijaribu peke yake. Akazungusha kidogo, akaenda upande wa pili, akapiga magoti, akahesabu, akainuka, akarudi mbele. Mara ya kwanza alipata mia na kumi na sita. Ya pili, mia na ishirini na tatu. Ya tatu alipotea kwenye sabini na kitu, akakaa sakafuni akiegemea tairi. Machozi yakamtoka, wala hayakuwa ya stata.

Mwishowe akapiga moyo konde, akampigia binti yake simu ya video.

"Shikamoo, baba. Limewaka?"

"Marahaba. Halijawaka. Nataka uniazime macho."

Akamweleza. Binti alicheka kidogo. "Unajua nikikusaidia najishinda mwenyewe?"

"Najua."

"Haya. Niweke chini."

Akaegemeza simu kwenye tofali chini ya gari, tochi pembeni, ikitazama tundu. Akarudi mbele, akashika spana. Sauti ya binti ikatoka chini ya injini, taratibu, bila haraka: "Moja. Mbili. Tatu." Spana akazungusha. "Nane. Tisa. Kumi. Twende, mzee."

Mkono wa Spana ukasimama. Binti yake hakuwahi kumwita mzee.

"Baba? Mbona umesimama?"

"Spana imeteleza," akasema, na kujifuta uso kwa mkono wenye grisi.

Wakaendelea mpaka chaki ikarudi. "Mia na ishirini kamili," binti akasema. "Kwa hiyo kesho wanakubadilishia, na Jumapili litawaka."

"Litawaka."

"Basi umeshinda, baba. Utabaki kwako." Aliyasema bila kinyongo.

Spana alitazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi na kimya kilichomsubiri huko ndani. Idadi aliyoihangaikia siku nzima alikuwa nayo, na haikumfurahisha hata kidogo.

"Nadhani umeruka jino," akasema.

"Sijaruka."

"Hesabu tena, mama."

Binti akasafisha koo. "Sawa. Zungusha."

Akazungusha, safari hii polepole zaidi.