Nyumba Zilizoota Kwenye Picha

Picha ililetwa Jumatatu asubuhi ikiwa imeviringishwa kama mkeka na kufungwa kwa kamba ya kiatu. Bi Taratibu, mhifadhi wa picha katika nyumba ya kumbukumbu ya mji, aliipokea kwa mikono miwili na kuwaomba watu wa manispaa walioileta wakae mbali na meza na vikombe vyao vya chai. Jina hilo alipewa kazini, kwa kuwa neno “taratibu” lilimtoka kinywani kila mara mtu alipogusa kitu.

Ilikuwa picha kubwa, upana wake kama mlango, iliyochapwa kwa printa ya wino. Ilionyesha majani, mbingu, na kwa mbali mnara wa maji. Hapo ndipo baadaye kilipojengwa kituo kikuu cha mabasi. Manispaa iliitundika ukumbini pale kituoni, ikitazamana na dirisha, na jua likaila: wekundu umekwenda, njano inaaga, majani yamekuwa samawati kama shuka la hospitali. Sasa sherehe ya kituo ilikuwa inakaribia na waliitaka ipendeze.

“Rangi iliyokwenda hairudi,” aliwaambia. “Kazi yangu ni kuizuia iliyobaki isiifuate.”

Katika kazi hiyo hakuna aliyemfikia. Aliiacha picha ijinyooshe yenyewe chini ya karatasi laini na vioo vizito, bila kuikimbiza. Vumbi aliliondoa kwa brashi ya manyoya, akipumulia pembeni, maana tone moja la mate lingeuyeyusha wino na kuuburuta. Manispaa iliomba ibandikwe plastiki ing'ae. Alikataa kwa adabu, akaeleza kwamba gundi ya plastiki ingeigeuza kuwa ya njano kabla hata ya jua. Mwishowe aliilaza ndani ya sanduku la karatasi isiyo na asidi, katika chumba chenye giza na ubaridi wa kiasi. Wenzake walikuwa wakisimama mlangoni kumtazama, kama watu wanavyomtazama mama anayemvua nguo mtoto mchanga bila kumwamsha.

Picha ilipokwisha kupumzika, moshi ulitokea katikati ya majani.

Bi Taratibu aliutazama kwa kioo cha kukuzia. Ulikuwa wa vitone vilevile vya wino vilivyofanya mbingu. Akafunga sanduku. Wiki iliyofuata ilitokea kamba ya kuanikia nguo, pamoja na nguo zenyewe. Kisha mabati, kuta, vichochoro, na mbuzi mmoja aliyepanda juu ya pipa.

Akamwita mkuu wake, mzee mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kwanza.

“Hizi nyumba zilikuwepo?” aliuliza Mkuu.

“Ile Jumatatu hazikuwepo.”

“Si ukungu huu?”

“Ukungu huwa hauna madirisha, Mkuu.”

Mkuu akakubali kwamba hilo ni kweli, akapiga simu manispaa.

Alikuja afisa itifaki, mtu wa haraka, hata kiti alikikalia upande. Kufikia hapo watu nao walikuwa wameshatokea, wengine milangoni, wengine kwenye foleni ya bomba.

“Safisha,” alisema afisa. “Mgeni rasmi atasimama mbele ya hii.”

“Nisafishe nini? Hakuna uchafu. Huu ni wino wa picha yenyewe.”

“Basi watoe hao watu.”

“Nikiwatoa natoboa karatasi.”

Afisa akaona dawa yake ni kuichapa upya. Faili lilikuwa kwenye kompyuta, na lilipofunguliwa yalionekana majani matupu. Fundi wa printa akabonyeza. Karatasi ikaanza kutoka: mbingu, mnara wa maji, kisha mapaa, kisha wanawake wa kwenye foleni wakiwa wameinua vichwa kuona nani anawachapa. Fundi akabadilisha wino, akaweka mpya kabisa. Nyumba zikatoka zimekolea zaidi. Akajaribu tena na tena, kisha akafuta mikono na kusema printa haina tatizo.

“Faili hili liliwahi kuguswa?” aliuliza Bi Taratibu.

“Lilirekebishwa kidogo ofisini kwetu, kabla ya kuchapwa mara ya kwanza,” alisema afisa. “Kupunguza msongamano.”

“Msongamano wa nini?”

“Wa nyumba,” alijibu, akatazama saa yake.

Bi Taratibu alizikusanya karatasi zilizotoka, akazilaza zikauke. Nyumbani kwake aliishi na mama mkwe wake, ambaye kila alipoulizwa kwao ni wapi alijibu, “Chini ya mabasi.” Mume wa Bi Taratibu, aliyekuwa mtoto wa mgongoni siku walipoondolewa pale, alicheka tu na kumwongezea chai. Daktari alisema ni umri. Manispaa, mama huyo alipokwenda kudai haki yake, ilimjibu kwamba pale hapakuwa na mtu, kwa hiyo hakuna aliyehamishwa.

Kesho yake Bi Taratibu akaenda naye kazini. Akamnawisha mikono, akamkausha, akamvalisha glavu.

“Taratibu, Mama.”

“Kwa magoti haya nitakimbilia wapi, mwanangu?”

Mama mkwe aliinama juu ya picha. Kidole chake kilipita hewani, kichochoro baada ya kichochoro, kikasimama.

“Mlango wangu. Nilimwambia apake kijani, akapaka bluu.” Kisha kidole kikapanda: juu ya paa la nyumba hiyo alichuchumaa mwanamume mwenye nyundo, misumari mdomoni. “Huyu ndiye baba wa mumeo. Hukuwahi kumwona.”

Bi Taratibu alimwamkia kwa heshima, kama mkwe anavyopaswa. Hakuitika. Mama mkwe akasema asichukuliwe vibaya, mtu mwenye misumari mdomoni hawezi kuitika. Machozi yalipomjia alirudi nyuma mwenyewe, bila kuambiwa, yasije yakadondokea wino.

“Atakaa hapa muda gani?” aliuliza.

“Nikimrudisha kwenye dirisha la ukumbi, miaka michache, kisha ataanza kufifia. Nikimwacha ndani ya sanduku, atatuzika sote.”

“Kwa hiyo tukimtunza haonekani, na akionekana hatunzwi.”

“Ndivyo kazi yetu ilivyo, Mama.”

“Wewe! Na ujuzi wote huo niliokusifia kwa majirani?”

Bi Taratibu akacheka. Akafikiri. Picha zote ambazo afisa alizikataa alikuwa amezikausha na kuzilaza, kila moja na karatasi yake. Akapanga ziwe zinapokezana: moja ukumbini, mbali na dirisha, nyuma ya kioo kinachozuia makali ya jua, chini ya taa hafifu na pazia la kufunua, nyingine zote zikilala gizani mpaka zamu yao. Afisa alikataa, kisha akakubali, kwa kuwa picha tofauti na hiyo printa haikuwa nayo.

Siku ya sherehe mgeni rasmi alisimama mbele ya pazia lililofunuliwa, akasema hapa palikuwa na majani tu, hapakuwa na mtu. Nyuma yake watu wa foleni ya bomba walimsikiliza, wengine wamejishika viuno. Makofi yakapigwa. Wapiga picha walipoinua kamera, Bi Taratibu aliinua mkono.

“Bila flashi, tafadhali. Wana macho.”

Wakazima. Chini ya picha palikuwa na kibao kipya: *Uwanja mtupu kabla ya ujenzi*. Mkuu aliomba kirekebishwe, akajibiwa kwamba vibao viko chini ya idara nyingine.

Tangu hapo watu huja, wazee kwa watoto. Hufunua pazia, hutafuta mlango wao, husalimia, hulifunga tena. Hakuna anayegusa kioo. Mama mkwe huja kila picha zinapobadilishwa, na husema mbele ya kila mtu kwamba mkono kama wa mkwe wake haujawahi kuzaliwa.

Jioni moja walitoka ukumbini wakasimama nje kusubiri basi.

“Sogea kidogo, mwanangu,” alisema mama mkwe. “Umesimama jikoni.”

Bi Taratibu akasogea. Basi likaingia jikoni, likafungua milango, nao wakapanda.