Mwani Ulioondoka Bila Kuaga

Jirani yangu Bi Mkasi anadai aliuona mwani wangu ukijifungua kamba wenyewe na kushika njia ya kina kirefu, bila hata kuaga. Bi Mkasi hutia chumvi mpaka kwenye chai. Lakini nilipoteremka shambani, maji yamekupwa, kamba kweli zilikuwa tupu. Vimebaki vipande vyeupe viwili vitatu, vimelegea kama tambi. Huo msimu wa pili wa hasara. Ukienda na wa tatu, shamba ndiyo basi.

Usiku wa jana nikaota naufuata.

Natembea chini ya bahari na kanga yangu haijalowa. Maji yanazidi baridi. Mbele yangu umesimama mwani mrefu kuliko mnazi, majani yake yameinuliwa juu na vibofu vya hewa.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Mizizi iache mlangoni."

"Sina mizizi."

"Vizuri. Hata mimi sina. Mizizi mambo ya migomba."

Chini, vidole vyake vimekumbatia jiwe.

"Ananishika tu," jiwe likalalamika. "Hanyonyi kitu kwangu. Miaka yote hii, hata kuniuliza nimeamkaje, hakuna!"

"Mimi chakula natoa majini, kwa mwili mzima," mwani ukajibu. "Na juani. Wewe ungenipa nini? Kokoto?"

Mara tuko harusini. Nikaletewa mchuzi. Nikaupeleka mdomoni, ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Jamani, anatumia mdomo! Tena mmoja!"

Nikaona haya, nikachovya kiwiko. Kiwiko kikasema, "Ndimu imezidi."

Pale jamvini nikauona mwani wangu. Umenenepa, rangi imerudi.

"Twende nyumbani," nikauambia.

"Kwenu maji ya moto, mama. Tulikuwa tunapikwa. Tufungie kamba huku kwenye kina, tutastawi mpaka useme basi."

"Sijui kuogelea."

Harusi nzima ikanigeukia. Hata mchuzi.

"Unalima bahari na hujui kuogelea?" mwani wangu ukauliza.

"Kwetu wanawake hulima maji yakikupwa. Wanaoogelea ni wanaume."

"Nao hulima nini?"

"Huogelea tu."

"Haya, shika kitu," ule mrefu ukasema. "Sheria ya huku, asiyeshika huchukuliwa na mkondo."

Mkondo ukaingia, na kadi ya mwaliko hauna. Nikalivamia jiwe.

"Taratibu, mwanangu," likaguna. "Mimi nina mwenyewe."

"We Siwema! Achia!"

Kumekucha. Niko sakafuni, nimekumbatia mguu wa kitanda, na mume wangu Pandu ananibandua kidole kimoja kimoja. Mguu wa kitanda unatiririka maji, baridi kama yametoka kwenye friji. Nasi friji hatuna.

"Pandu," nikasema, "nifundishe kuogelea."

Akalamba kidole chake kilicholowa yale maji. Akanitazama. Akakilamba tena.