Madaha ya Bi Harusi

Shangazi aliuinua mguu wa farasi, akakwangua ukwato kwa kisu kilichopinda, akanusa.

"Bado unanuka?" aliuliza mpwa wake, huku akipakia magunia ya viazi mkokotenini.

"Njoo unuse mwenyewe. Au hiyo pua ni pambo?"

Akainama. Uvundo haukuwepo.

Farasi huyo jike walimwita Bi Harusi kwa ajili ya mwendo wake: hatua fupi fupi, ncha ya ukwato mbele, kama anayechelea tope. Mtaa mzima ulimsifu, na mpwa alitembea naye kifua mbele. Ila shangazi, fundi wa kwato, alichuchumaa siku moja akamtazama, akasema, "Haya si madaha, mwanangu. Anakikwepa kisigino chake." Akang'oa vyuma vyote vinne vilivyopigiliwa chini ya kwato. Visigino vilikuwa vimebanwa, na ule mto laini wa katikati ya ukwato umeoza hadi unachimbika kwa kidole. Mpwa aligeuka akalia. Maumivu yale ndiyo aliyokuwa akijivunia.

Tangu hapo kazi ikawa ya shangazi: kumlowesha miguu kwa maji ya chumvi, kupiga tupa kidogo kidogo, kumtembeza kwenye changarawe. Mgongo ulimuuma, hakuacha. "Ukwato ni kucha. Hauhimizwi." Na ukwato mpya ulishuka, mgumu, bila mikunjo. Leo Bi Harusi alikuwa anarudi kazini na mzigo mwepesi.

Kwenye lango la soko askari aliwazuia.

"Vyuma viko wapi?"

"Afande, mtazame kwanza anavyotembea," alisema shangazi.

"Namwona. Anatembea kunishinda mimi. Lakini amri ile pale: farasi asiye na chuma havuti mzigo. Mpigilieni vyuma, mpite."

"Tukimfunga chuma sasa, ataoza tena."

"Mama, amri sikuitunga mimi. Mimi nafungua na kufunga."

"Ondoeni huyo bibi harusi!" alifoka mchukuzi aliyekuwa nyuma yao. "Viazi vitaota hapa!"

Nyundo, misumari na vile vyuma vilikuwamo mkobani mwa shangazi. Alimtazama mpwa. "Farasi ni wako. Sema."

Mpwa alimfungua Bi Harusi kutoka mkokotenini. Akaingia mwenyewe katikati ya miti ya mkokoteni, akajivika kifuani mkanda wa kuvutia.

"Shangazi, sukuma."

"Una wazimu wewe," alisema shangazi, na bega lake lilikwisha gusa gunia.

Askari aliisoma amri ukutani, juu hadi chini. Habari ya miguu ya watu haikuwamo. Akainua kizuizi.

Bi Harusi aliwafuata, kamba ikining'inia, akikanyaga kwa kisigino, tartibu, bila woga. Mbele yake mpwa aliinamia mzigo, kandambili zikiteleza, akienda hatua fupi fupi kwa ncha za vidole.

"Tazameni madaha hayo!" mtu akapiga kelele, na soko zima likacheka.