Kipanya cha Mikono Yote Miwili

Muuguzi aliporudi kutoka zamu ya asubuhi alivua viatu, akakaa mbele ya kompyuta, akashika kipanya na kukiachia papo hapo. Kilikuwa upande wa kushoto wa kibodi, na kilikuwa na joto.

Kilikuwa kipanya cha michezo ya kompyuta, chepesi, mgongo umelingana pande zote ili kishikwe kwa mkono wowote. Kila ubavu ulikuwa na vitufe viwili vya kidole gumba. Vya upande usioutumia unavifunika kwa kifuniko cha sumaku, usije ukavibonyeza bure katikati ya mapigano. Yeye alitumia mkono wa kulia, kwa hiyo alifunika ubavu wa kulia. Sasa uliofunikwa ulikuwa wa kushoto.

"Mama, nani ameingia chumbani kwangu?"

"Mimi ndiye wa kukuuliza," mama alijibu kutoka kwenye cherehani. "Kila mchana nasikia kiti kinalia. Kama kuna mwanamume umempa ufunguo, sema."

Wakala bila kutazamana. Muuguzi alimshuku kinyozi aliyepanga chumba cha uani, akamvizia akifunga kufuli lake. Mkono wa kulia. Mama naye akaanza kunusa mashuka.

Jumamosi walijibanza nyuma ya pazia la chumbani, kila mmoja akiwa na hakika kwamba leo mwenzake ataona alikosea. Mchana mlango ukafunguka, akaingia kaka yake muuguzi. Alikwishafariki miaka mingi iliyopita, na shati alilozikwa nalo lilikuwa limepigwa pasi. Akavuta kiti, akahamishia kipanya kushoto, akabandua kifuniko ubavu wa kulia, akakibandika wa kushoto, akaanza kucheza. Alimzidi dada yake mbali sana. Kidole gumba kilitua juu ya vitufe bila kuvitafuta.

"Kumbe ni wewe," dada akasema, akitoka nyuma ya pazia. "Si ungesema tu? Mimi namchunguza kinyozi wa watu."

"Sikutaka kukusumbua," kaka akasema.

Mama hakusalimia. Alikuwa akiutazama mkono wa kushoto.

"Nilikufunga huo mkono kwa ukanda mpaka ukajua kuandika kama wenzako," akasema. "Nikadhani umeacha."

Dada akatazama kifundo cha mkono wa kaka yake. Alama nyeupe ilikizunguka pande zote. Utotoni aliambiwa ni ya kuungua.

Kaka akauteremsha mkono mapajani. Akahamishia kipanya kulia, akabadilisha kifuniko, akaendelea. Mchezoni akauawa papo hapo. Akaanza upya, akauawa tena.

"Mwache acheze anavyotaka, Mama."

"Atazoea," mama akasema, akarudi kushona.

Siku hizi kaka huja bila kujificha, na dada humwachia kiti. Mama akipita mlangoni husimama kidogo, hutazama ule mkono wa kulia ukihangaika, kisha humnong'oneza dada kwa furaha:

"Unaona? Anaendelea vizuri."