Dakika Tatu Mlimani

Miaka minne Chizuru Orihara hakuwa amekanyaga mlima. Picha zake za vilele vya Akita, kaskazini mwa Japani, zilitundikwa kwenye mahoteli ya Tokyo, lakini sasa dunia yake ilikuwa vyumba vitatu, na theluji imepanda hadi juu ya madirisha. Mama yake, Bi Tome, akili zilikuwa zimemtoka. Chizuru akiingia chooni tu, mama anagonga mlango.

"Umeniacha?"

"Nipo, Mama. Nimeingia sasa hivi."

"Mwongo! Wewe mumeo ni milima."

Alfajiri moja ya Februari mbingu zilitakata. Chizuru akamwomba jirani, Kaneda, amkalie mama kwa saa mbili tu.

"Nenda, dada," Kaneda alicheka. "Ukizidi kujifungia humo utaota uyoga."

Chizuru alipanda mlima mbio, kifua kikimwaka, akasimamisha kamera. Kilele kilikuwa bado kimejitanda ukungu, ila jua lilishaanza kuupasua. Ndipo simu ikalia.

"Dada, mama haonekani!" Kaneda alikuwa akihema. "Nimetoka kuchukua mafuta ya jiko, kurudi mlango uko wazi. Viatu vyake viko hapa!"

"Nakuja."

Hakwenda. Alisimama, kidole juu ya kamera, akingoja. Dakika ya kwanza. Ya pili. Ya tatu, ukungu ukafunguka, kilele kikatokea chekundu kama kaa la moto. Akapiga. Kisha akashuka, akianguka na kuinuka.

Bi Tome walimkuta nyuma ya ghala, ameketi kwenye theluji, miguu mitupu. Alipona, ila vidole viwili vya mguu vilivyokufa kwa baridi vilikatwa. Kaneda alipiga magoti mbele ya Chizuru, paji la uso sakafuni.

"Kosa ni langu, dada. Nisamehe."

Chizuru alijua hapo ndipo pa kuzitaja zile dakika tatu. Akamwinua tu.

Picha aliituma Tokyo. Mhariri wa kalenda alipiga simu akishangilia: "Hujapata kupiga nzuri kama hii! Umefanyaje?"

"Nilingoja," Chizuru alijibu, akakata simu.

Ilitoka kwenye jalada la kalenda. Kaneda alinunua nakala, akaitundika sebuleni, kila mgeni akaonyeshwa. Na hadi leo, kila wiki, huwaletea figili alizozichachusha mwenyewe, kufidia kosa lake. Chizuru huzipokea kwa mikono miwili, humshukuru, hufunga mlango.