Robo ya Nini?

Muigai aliutandaza mfuko mtupu juu ya meza, akaulainisha kwa kiganja, akasubiri nimsifu.

Tulikuwa ofisini kwake Thika, katika kiwanda chake cha chakula cha mifugo. Mfuko huo ulikuwa kazi yangu ya miaka mitano: unga wa maganda ya mananasi, yale yanayotupwa baada ya kukamuliwa juisi, uliogeuzwa kuwa lishe ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Chuoni walikuwa wamechoka na tafiti zinazolala kabatini. Yangu, walisema, imetoka ikatembea.

Nyuma ya mfuko yalikuwa maelezo niliyoyaandika mwenyewe. *Changanya robo ya yuria kwa kila gunia.* Yuria ni mbolea. Kidogo humjenga ng'ombe, ikizidi, humuua.

"Daktari, hapa uliweza," Muigai alisema. "Hakuna gramu, hakuna mambo mingi. Robo ni robo. Hata cucu, nyanya wa kijijini, ataelewa."

Nilijaribu kutabasamu.

Ukienda dukani Makongeni ukaomba robo ya sukari, utapewa robo kilo. Hivyo ndivyo nilivyolelewa mimi Ciku, binti wa Makongeni ambaye sasa ana nyumba Membley na mdomo mrefu wa kufundisha watu. Lakini kule kijijini Gatuanyaga walikozoea kuniita daktari, vitu hupimwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Huko robo ni robo ya mkebe. Ni karibu nusu kilo.

Hilo sikulisoma kitabuni. Nililijua asubuhi ile Wayua aliponipigia simu kwamba ng'ombe wake amekufa. Kati ya wakulima wangu ishirini na wanne wa majaribio, yeye pekee alitoka Gatuanyaga. Wengine wote walikuwa kule Ruiru, ambako robo ni robo kilo. Ng'ombe aliitwa Mbua, yaani mvua, kwa sababu alizaliwa siku mvua iliponyesha baada ya ukame. Alikuwa ndiye ng'ombe pekee pale. Nilimkuta amelala ubavu kando ya hori, tumbo limefura. Wayua akanionyesha gorogoro yake, ndani imechorwa mistari ya makaa: robo, nusu, robo tatu.

"Nilipima robo, daktari," alisema. "Labda mkono ulizidisha, sijui. Ni mimi nimemuua. Nisamehe, nimekuharibia kazi."

Niliuona ule mstari. Nilielewa pale pale, kabla hajamaliza kusema. Na mimi, mwenye digrii tatu, nikamshika bega nikamwambia, "Usijali, mama. Nimekusamehe."

Tangu hapo, kila Jumapili sala ikifika penye kusamehe na kusamehewa, mimi hujifanya ninakohoa. Kwenye ripoti niliandika kwamba mkulima mmoja alijiondoa. Lile neno robo sikuligusa, maana ningelirekebisha ningeulizwa kwa nini. Sasa lilikuwa limekaa pale kwa wino wa kijani, likisubiri kuchapishwa mara elfu kumi.

"Weka sahihi tuprint," Muigai alisema, akanisogezea kalamu.

"Robo ya nini?" nikauliza.

"Ati?"

"Robo ya nini, Muigai? Haijaandikwa."

Nikamweleza yote, mkebe, Mbua na ripoti. Nilijisikia nikisema kwa haraka, kama mtoto aliyevunja sahani. Muigai akaanza kuukunja ule mfuko.

"Haiya, Ciku. Hii siwezi peleka kwa watu. Anza na chuo, waambie ukweli, halafu ndio tuongee." Aliuweka mfuko kwenye droo. "Na huyo mama anajua?"

Nilichukua funguo za gari nikaelekea Gatuanyaga.

Nilimkuta Wayua ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani. Mumewe, Nzuki, alikuwa kando ya banda la kuku, akiwapimia chakula kwa gorogoro ile ile.

"Siku hizi ni yeye anapima kila kitu," Wayua alisema, akicheka kidogo kwa aibu. "Mbegu, hata unga ya ugali. Si unajua mimi nilimaliza ng'ombe."

Maneno niliyoyapanga njiani yote yalinipotea.

"Mama, ulipima sawa," nikasema. "Mimi nilimaanisha robo kilo, sikuandika. Kosa ni langu. Na nilijua siku ile ile."

Hakulia. Hakunitukana pia, ingawa matusi ningeyashukuru.

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Na ukanisamehe."

"Ndiyo, mama."

Alikaa akiitazama ardhi, midomo ikitembea bila sauti, kama anayehesabu miezi. Kisha akainuka.

"Mzee!" aliita. "Kuja hapa. Na ulete hiyo gorogoro."

Nzuki akaja, kuku wakimfuata. Wayua aliuchukua mkebe mkononi mwake, akaukumbatia kifuani na chakula chake ndani, akanielekezea kidevu.

"Rudia," akaniambia. "Sasa mwambie yeye."

Nikarudia yote, nikianzia kwenye neno robo.